Mtoto Asiyepigiwa Ngoma

Nilipokuwa mtoto nilidhani kila mtu huyasikia macho yake. Yangu nilikuwa nayasikia. Nikitazama kushoto, kisha kulia, kichwani mlipita sauti ndogo ya kukwaruza, kama msasa juu ya ubao. Nyayo zangu nilizisikia zikigonga ndani ya fuvu, na nikitafuna mahindi ya kuchoma sikumsikia kabisa mtu aliyekaa karibu nami. Sikumwambia yeyote. Nani anahangaika kueleza jambo analodhani ni la watu wote?

Kilichonitenga na wenzangu ni kizunguzungu. Baba alikuwa askari, nasi tulikaa Naguru, kwenye nyumba za askari ambako watoto wa kila kabila tulicheza kwa Kiswahili. Mtu akibamiza mlango wa bati, au akicheka kwa nguvu karibu na sikio langu, ardhi iliinama upande mmoja. Sikuona giza wala sikusikia maumivu. Dunia iliinama tu, nikashika ukuta, halafu ikarudi mahali pake. Mama alinipeleka zahanati nikapewa dawa ya malaria. Safari nyingine tuliambiwa sina damu ya kutosha, nikalishwa maini na mboga za majani mpaka nikazichukia.

Mama yake baba alikaa nasi. Sisi Wanubi bibi tunamwita haboba. Alikuwa mrefu, si msemaji, na mchana alikaa barazani akisuka makawa ya rangi ya kufunikia chakula. Siku moja alinikuta nimeshikilia nguzo, akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

“Kabla ya kuyumba, unasikia nini?”

Nikamwambia. Nilimwambia mpaka habari ya macho, na hapo ndipo nilipojua kuwa wengine hawayasikii, maana mikono yake ilisimama juu ya ukindu. Hakucheka. Alinivuta karibu, akanikazia macho usoni, akapiga kofi moja kali kando ya sikio langu la kulia. Ardhi iliinama. Nilipotulia niliona uso wake umebadilika. Alisema macho yangu yametembea yenyewe, yote mawili kwa pamoja, kama yanafuata kitu. Akamtaja Mungu kwa sauti ya chini na kunifunika kichwa kwa kanga yake.

Kwa haboba, jambo lilikuwa limeeleweka. Kila mtoto huzaliwa na utosi laini, nao hufunga anapokua. Wangu, alisema, ulifunga juu tu, lakini chini yake palibaki wazi, na sauti ilikuwa ikiingia. Tangu siku hiyo alinipaka utosini mafuta ya simsim, yaani ufuta, kila asubuhi. Na nyumba nzima akaipa amri moja: “Mtoto huyu asipigiwe ngoma. Mkimpigia, ataanguka asiinuke upesi.”

Shangazi Zamzamu, dada yake baba, hakukubali. Alinipenda sana, na alikuwa na hoja yake. Katika harusi zetu, wanawake wanapoanza kucheza doluka na ngoma zikashika moto, mimi ndiye niliyeanguka, tena kila mara. Kwa shangazi huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba kichwani mwangu mna jini mpenda ngoma, na jini wa namna hiyo hupungwa kwa ngoma hiyo hiyo mpaka aseme anachotaka.

Alingoja mpaka haboba alipokwenda Bombo kwenye msiba. Alasiri wakaja wanawake wa jirani, ubani ukafukizwa, nikaketishwa mkekani nikiwa nimevishwa nguo nyeupe. Niliona fahari kidogo, maana sikuwahi kukaa katikati ya watu wazima namna ile. Kisha ngoma ikalia.

Sakafu iliinuka ikawa ukuta. Nyuso za wanawake zilitiririka kwenda juu kama maji yaliyosahau njia yake, na kila pigo la ngoma liliisukuma dunia upande uleule. Wakapiga vigelegele: amefika. Wakamuuliza jini jina lake. Nilitaka kuwatajia langu, lakini nilikuwa natapika, na baadaye nikawa nimelala kifudifudi, vidole vimeng’ang’ania mkeka nisije nikadondoka kutoka duniani.

Haboba aliporudi alinikuta bado natambaa kwenda chooni. Hakugomba. Alimtazama shangazi akasema, “Niliwaambia.” Halafu akaketi nyuma yangu, akayaziba masikio yangu kwa viganja vyake, akabaki hivyo mpaka jioni. Alifariki nilipokuwa sekondari, na mafuta ya simsim yakaisha naye. Hayakuwa yamenisaidia kitu. Nilichokikosa ni viganja vile.

Ukubwani niliuza ndala za jumla katika soko la Kikuubo, na Kikuubo haijui kunong’ona. Wapagazi wanapaza sauti wapishwe, vipaza sauti vinanadi bidhaa kila mlango. Kikilia kimoja karibu nami, nilipepesuka. Ukiwa umevaa hijabu na unapepesuka asubuhi sokoni, watu hawakuulizi kama unaumwa. Wananusa kama umekunywa pombe. Nikazunguka kliniki. Daktari mmoja aliniambia ni presha, mwingine ni vidonda vya tumbo, mwingine mawazo. Nilisomewa kisomo pia, nami niliitikia kila dua kwa moyo wote. Wote niliwaeleza kizunguzungu. Habari ya macho niliificha, kwa kuogopa kupelekwa kwa madaktari wa wendawazimu.

Mwaka jana nilipanda kilima cha Mulago, kwenye hospitali kuu, kumwona daktari wa masikio. Alikuwa mama wa makamo kutoka Kenya, na aliposikia jina langu la Kinubi akanisemesha Kiswahili. Labda ni hicho Kiswahili kilichonilegeza. Nilimwambia, “Daktari, nayasikia macho yangu yakigeuka.”

Akaweka kalamu chini. “Hebu rudia, dada.”

Alinivalisha miwani yenye kamera ndani, akanitia mlio mkali katika sikio la kulia. Baadaye akanionyesha picha. Macho yangu yalikuwa yakielea taratibu, yote mawili kwa pamoja, kama yanamfuata ndege ambaye mimi simwoni. Kisha nikapigwa picha ya kichwa, naye akanielekeza kwa ncha ya kidole. Ndani ya sikio mna mifereji midogo ya maji inayotujulisha kama tumesimama wima au tumeinama. Juu ya mmoja wapo hutakiwa kuwa na mfupa. Wangu ulikuwa na tundu dogo sana.

“Huenda haukumaliza kufunga ulipokuwa mchanga,” alisema. “Sauti inaingia pasipo pake.”

Nilimweleza habari za haboba, naye alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa polepole. Utosi hauhusiki, alisema, na mafuta yasingefika huko kamwe. Najua. Haboba alikosea mahali, akakosea na dawa. Lakini alikuwa amesimama karibu kiasi hicho na ukweli, hana taa wala chombo, kwa kuwa alimuuliza mtoto anasikia nini, na alipojibiwa akaamini. Sijui nikiite kitu hicho kwa jina gani.

Nilikwenda kumwambia Shangazi Zamzamu. Sasa ni mzee, redio haizimwi chumbani mwake. Nilikwenda na maneno yangu ya lawama tayari. Alinisikiliza, kisha akanyoosha mkono akazima redio.

“Sisi tulitaka upone,” alisema.

“Najua, shangazi.”

Na kweli, nilipotamka hivyo niligundua kwamba najua, na kwamba nimejua siku zote. Upasuaji upo, lakini ni wa kufungua fuvu, nami sijaamua. Nilipoaga alisimama kunisindikiza hadi barabarani. Alinishika kiwiko njia nzima, na penye mteremko akatangulia yeye ili nisiteleze. Siku hiyo nilikuwa natembea vizuri tu. Nikamwacha anishike.