Ufagio wa Nyumba ya Kona

Mama jirani wa nyumba ya kona hufagia ameinama, mkono mmoja mgongoni, akiacha mistari iliyonyooka kama matuta ya viazi, na wimbo wa kwaya ukimtoka puani. Uwanja wake ukiisha, ufagio hauna habari ya mpaka. Unatoka barabarani hadi mbele ya milango ya watu. Asubuhi moja mgeni kutoka Kinshasa alishuka kwenye pikipiki, daftari mkononi, akamuuliza kama geto la Baraka aliloambiwa, mtaa wa maskini wa mji huu, ndilo hili. Mama hakuinua kichwa.

“Geto mi sijue, papa. Lakini hapo unakanyaga nimeshafagia. Toa viatu.”

Mgeni akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akavuka mtaa mzima kwa soksi, viatu kwapani, na nyuma yake ufagio ukifuta nyayo.