Moto wa Samadi

Evaresta aliolewa Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, akitokea Rombo, na kilichomfanya ajione mwenyeji ni safari za kuni. Wanawake walipanda msituni pamoja, wakisengenya na kucheka, kisha wakashuka na mizigo yao wakiimba pambio. Huko ndiko alikojifunza Kimeru. Wanawake hao ndio waliolala kwake siku mumewe Naftali alipofariki.

Serikali iliporuhusu biashara za watu binafsi, mwanawe Hans alianza kuuza mitumba mjini, mambo yakamnyookea. Hakutaka kumwona tena mama yake na mzigo mgongoni. Akaleta mafundi, wakachimba nyuma ya zizi na kujenga mtambo wa biogesi. Ng'ombe wawili walitoa samadi, Evaresta akaikoroga na maji, na jikoni ukawaka moto wa buluu usio na moshi. Majirani walikuja kuutazama, wakamsifia mtoto aliyemzaa. Safari ya kuni iliyofuata, wanawake walipita mbele ya nyumba yake bila kumwita. Alisikiliza sauti zao mpaka zikapotelea migombani.

Kifua kilipona, macho yakaacha kumwasha, naye alimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini chai ilichemka upesi mno, na asubuhi nzima ikabaki bila mtu wa kuongea naye.

Ulipokuja ukame, malisho yaliadimika, ng'ombe mmoja akafa. Samadi ya aliyebaki haikutosha. Moto ukafifia hata maharage hayakuiva. Evaresta alichukua kamba yake ya kuni, akaenda kwa jirani yake Anaeli. Njiani alijawa na furaha aliyoionea aibu. Akamwambia yuko tayari, waende.

"Twende wapi, Mama Hans?" Anaeli aliuliza. "Msitu una walinzi siku hizi. Mimi nachoma mibuni. Kahawa haina bei, tumeing'oa. Wenzetu wananunua mkaa."

"Sasa mnakutana wapi?"

"Labda msibani," Anaeli akasema.

Alimfungia mzigo wa mibuni mikavu, Evaresta akashuka nao peke yake. Hans alipokuja kumtembelea alimkuta anakohoa kando ya mafiga. Akaahidi ng'ombe mtamba wa kuongeza samadi, na baada ya Pasaka akamleta kweli. Moto ukarudi kama zamani. Evaresta alikoroga samadi, akapika, akaosha sahani yake moja, akakaa mlangoni. Njiani hapakuwa na mtu.