Kisima cha Bi Shamsa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, Ghubra yetu hii ya huku Uarabuni ingali kijiji cha mitende, mbuzi na nyumba za udongo. Leo ni mtaa wa mji, maduka na magari kila upande. Usidhani palizaliwa hivyo.

Mimi nilikuwa kijana, nimerudi karibuni kutoka Unguja, karani wa wapima ardhi. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza wenyeji kila kilichokuwapo na kukiandika, kabla barabara hazijakatwa. Nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, kalamu mfukoni, lakini Kiarabu changu, nakwambia kweli, kilikuwa cha kuombea maji. Nna jina la Kiarabu, nna sura ya Kiarabu. Ningeona haya wapi kama si hapo?

Bi Shamsa, ajuza wa pale kijijini, alinishika mkono akanipeleka kisimani kwake. Alisema mengi, mbio mbio, huku akifuta machozi. Nilidaka maneno mawili matatu. "Naam, mama," nikamwitikia. "Naam." Daftarini nikaandika, kwa kukisia tu: kisima kikuukuu, hakina mwenyewe.

Tingatinga lilipokifukia, alinijia. Safari hiyo mwenzangu wa kazini alinifasiria. Kisima kile alikichimbisha kwa kuuza bangili zake za fedha, sadaka ya mwanawe aliyekufa, ili kila atakayekunywa, thawabu zimfikie marehemu. Siku ile aliniomba nikiandike kuwa ni wakfu, kisiguswe.

"Nilikwambia, ukaniitikia naam," alisema. "Ungesema hukufahamu, ningekwambia tena mpaka magharibi. Nilikuwa na kazi gani nyingine, zaidi ya kumzungumzia mwanangu?"

Hakunilaani. Afadhali angenilaani. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na haya yangu yamezeeka pamoja nami. Nikipita mtaa ule mpaka leo nainamisha kichwa.

Basi nisikilize. Kuuliza si ujinga. Nakuoneni na nyinyi, bibi zenu wakikusemesheni Kiswahili mnaitikia "naam, naam", macho kwenye simu. Usilolifahamu, sema: "Sikufahamu, niambie tena." Watakucheka kidogo, kisha watakwambia. Usiandike habari za watu, wala za mji, kwa kukisia.

Mola akupe masikio mapana na ulimi usioona haya, akukuze katika kheri. Na ukiinua mikono kuomba, mtie na mwana wa Bi Shamsa. Jina lake nalo sikuliuliza.