Propela ya Marehemu Kashindye

Agness hakuwa mtu wa kuogopa mizimu. Waliokuja kumnong'oneza kwamba mumewe anaonekana kivukoni aliwakata kauli: "Mkimwona tena mwambieni aje ale, chakula kipo." Lakini sauti, jamani! Sauti ile ilimshinda.

Ilikuwa sauti ya injini. Masika ya mwaka juzi mto Mkondoa ulipobeba daraja la miguu, mumewe, Kashindye, alianza kuvusha watu kwa boti yao waliyohama nayo kutoka ziwani. Siku moja ilijaa magunia ya mahindi. Katikati ya mto injini ikaelemewa, ikawa inalia kwa kukwama kama mtu mwenye kikohozi kibaya, kisha maji yakairudisha boti nyuma hadi kwenye nguzo za daraja. Abiria waliokolewa. Kashindye hajapatikana mpaka leo. Agness alikuwa ng'ambo, akasikia yote.

Boti akairithi yeye, na usukani akamkabidhi Brayson, mdogo wa marehemu. Ikawa kila ikijaa, wakifika palepale, injini inalia vilevile. Agness alikuwa akigeuza uso. "Shemeji, ndivyo injini zilivyo," Brayson alimwambia.

Masika haya propela inayoisukuma boti iligonga kisiki, panga lake moja likakatika. Mama mkwe hakutaka maneno mengi. "Mama Imani, ile mwanangu aliichagua mwenyewe. Ulete kama ileile."

"Nimesikia, mama."

Agness akaifunga kwenye khanga, akaenda nayo mpaka Mikumi, kwa Donati muuza spea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kama hii."

Donati akaigeuza, akasoma namba. "Hii ni ya kumi na mbili. Ikizunguka mara moja inataka kuruka mbele inchi kumi na mbili. Ya mbio hii. Mnabeba nini?"

"Ziwani ilikuwa samaki wachache, awahi soko. Mume wangu alipenda mbio, we acha tu. Sasa ni watu na magunia."

"Ikijaa, injini inaliaje?"

Agness akafungua kinywa, akaitoa sauti ile. Hakuwahi kumtolea mtu yeyote. Donati, aliyekuwa anatabasamu, akaacha.

"Chukua ya tisa, mama. Mwendo utapungua, ila mzigo itausukuma. Meno ya ndani ni yaleyale, itaingia."

Agness akaziangalia zote mbili, ya kumi na mbili mpya na ya tisa, akamkumbuka mama mkwe, akachukua ya tisa. Alitoka pale ameificha kwenye khanga kama mwizi.

Kesho yake mama mkwe alikuja kivukoni, akapanda, akakaa juu ya magunia. Boti ilijaa pomoni. Walipokaribia nguzo Agness akaziba masikio, akangoja. Alipoyaachia, abiria walikuwa wanabishana bei ya ufuta, injini inanguruma kawaida, na boti inapanda maji taratibu. Nguzo zikabaki nyuma. Hakuna aliyeona ajabu yoyote. Agness alitamani kulia, na haikuwa kwa furaha.

Ng'ambo, mama mkwe hakushuka mara moja.

"Umebadilisha."

"Nimebadilisha, mama. Nisamehe."

Kikongwe akayatazama maji kule walikotoka. "Mama Imani, ingekuwa hii tangu mwanzo, mwanangu si angekuwepo?"

Agness alilijua jibu. Akampa mkono ashuke, tope lilikuwa linateleza.

"Sijui, mama," akasema.