Alinitolea bastola ili nirudi riversi na gari la maiti. Sikurudi.

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi, huku kwenye vumbi la shaba.

Mimi ni mwanajukwaa wa kupita kimya kimya. Nasoma, nacheka na comments zenu, naondoka. Ila juzi kuna dada alileta uzi wa jamaa aliyemchomolea bastola kwenye foleni, na nusu yenu mkamwambia ni chai, yaani kaitunga. Iliniuma. Hii ninayoandika imenikuta mwenyewe, kwenye usukani wangu, mchana kweupe, na walioshuhudia wapo wengi.

Kiswahili chetu cha Katanga nimekinyoosha kidogo ili tuelewane. Pale watu wanapoongea nitawaacha waongee kama walivyoongea. Msinicheke sana.

Sasa twende.

Nililelewa na tata mukubwa, kaka yake baba yangu. Sisi ni familia ya Kasai, babu aliletwa huku kufanya kazi ya mgodi na hakurudi tena. Tata mukubwa naye akawa dereva wa yale malori makubwa ya mgodi wa Mashamba, yale ambayo tairi lake moja linakuzidi urefu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha.

Huyu mzee alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikinichosha. Alikuwa anapisha kila mtu.

Mtu wa taxi-moto, bodaboda zetu, akija upande usio wake, anampisha. Minibus ikimchomekea, anafunga breki na kuinua mkono kana kwamba ndiye mwenye kosa. Mbuzi akisita katikati ya barabara, anamsubiri mbuzi aamue. Kanisani tulikuwa tunafika watu wameshaanza kuimba.

Nilikuwa namuuliza kwa hasira, sisi tutapita lini? Alikuwa na jibu moja tu.

"Acha bapite. Na siye tutafika."

Mwaka huu alitutoka. Aliugua kifua muda mrefu, ikafika mwisho. Kilio tulikiweka nyumbani, Manika. Siku ya kuzika nikaomba mimi ndiye nimpeleke, kwenye pikapu yangu. Wazee wakakubali, ila walinikalisha chini kwanza.

Hapa niwaeleze jambo, maana bila hili hamtanielewa.

Kwetu, kwenye familia yetu, gari la maiti likishatoka nyumbani halirudi nyuma. Hata kidogo tu. Ndiyo maana kabla ya kupakia jeneza niliigeuza pikapu kabisa, pua ikaangalia barabarani. Wazee wanaamini maiti akirudishwa nyuma, anakuwa amerudi kumchukua mwingine. Unaweza kuamini, unaweza kuona ni ya kizamani, sikulazimishi. Mimi mwenyewe sijui. Ninachojua ni kwamba niliulizwa mbele ya wajane na watoto wa marehemu kama nitaweza, nikasema nitaweza.

Tukaondoka. Matawi mabichi kwenye boneti, taa zimewaka mchana, jeneza nyuma na vijana wa familia wamelishikilia. Nyuma yetu magari, minibus ya kwaya na pikipiki nyingi tu.

Pembeni yangu aliketi Mama Ntumba, mdogo wake marehemu. Miguu pekupeku, msalaba wa mbao kwenye mapaja, kitambaa cheusi kichwani. Mwanamke mdogo wa umbo, ila sauti yake mtaa wote unaijua. Yeye ndiye mwimba kasala wetu. Kasala, kwa msiojua, ni yale maneno ya Kiluba ya kumwita mtu kwa jina lake, la baba yake, la mama yake na la ukoo wake. Msibani akianza yeye, hata waliojikaza wanaachia.

Barabara ya kwenda makaburini inapita sehemu ambayo malori ya madini hupanga foleni. Siku ile yalikuwa yamelala upande wetu wote, trela kwa trela. Tukalazimika kupita upande wa wanaokuja. Kushoto mtaro, kulia malori. Gari moja tu linaenea.

Niwe mkweli, kisheria ule upande haukuwa wetu. Ila huku kwetu ukiona matawi unasimama. Hakuna anayefundishwa hilo. Na kweli waliokuwa wanakuja walishajipanga pembeni kule mbele, wengine wamevua kofia.

Isipokuwa mmoja.

Jipu nyeusi ikawapita wote waliosimama, ikaja moja kwa moja kwetu, taa na honi. Nikadhani atapunguza. Hakupunguza mpaka pua yake ilipokaribia kugusa matawi yangu. Nikafunga breki, nikasikia jeneza limegonga nyuma ya kabini.

Wakuu, ule mlio. Mpaka leo nikiukumbuka damu inachemka. Hapo ndipo nilipobadilika.

Jamaa akashuka. Mtu mzima, shati safi, hana sare ya aina yoyote. Sikumjua na sikutaka kumjua. Bastola ilikuwa mkononi tayari, ameielekeza chini pembeni ya paja. Akaja mbio upande wa kushoto kunifuata.

Sasa, pikapu yangu ilipita Dar kuja huku, usukani uko kulia kama magari yenu, ingawa sisi tunaendesha kulia. Jamaa kwa hasira zake hakuangalia hilo. Akafika dirisha la kushoto, akainua bastola, akajikuta amemwelekezea bibi mwenye msalaba.

Mama Ntumba akamwangalia tu. Hakuinama, hakupiga kelele. Akaushika msalaba vizuri zaidi.

Mtu mwenye aibu angeishia hapo. Huyu akazunguka mbele ya boneti, akayasukuma matawi kwa mkono wake mwenyewe, akaja kwangu. Kwa hiyo msiniambie labda hakujua ni msiba.

"Recule," akasema. "Rudisha motoka nyuma ao minakupasua kichwa."

Nikamwambia taratibu, "Haiwezekane, tata. Ni maiti iko humu. Hairudiake nyuma."

Akanisogezea kile kitu karibu na sikio. Akaanza kunieleza yeye ni nani, anamjua nani, na kwamba akinimaliza hapa hakuna atakayemuuliza. Nilikuwa naogopa. Sitaki kujifanya komando hapa. Ila chini ya ule woga kulikuwa na kitu kigumu kimekaa, hakisogei. Nilijisemea, huyu mzee amepisha watu maisha yake yote. Leo si siku ya kumpisha mtu.

Nikavuta hendibreki. Nikazima gari. Nikachomoa ufunguo, nikampa Mama Ntumba.

Jamaa akabaki ananitazama kama haamini. Nadhani hakuwahi kufanyiwa hivyo.

Mama Ntumba akafungua mlango na kushuka, msalaba mkono mmoja, ufunguo mkono mwingine. Akazunguka gari kwa mwendo ule ule wa msibani, akaja kusimama kati ya dirisha langu na yule bwana. Ikabidi jamaa arudi hatua nyuma kumpa nafasi. Waimbaji kwenye minibus walikuwa wanachungulia madirishani. Madereva wa malori wameshuka, wanatazama.

Akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemuuliza mgeni.

"Jina yako njo nani, mutoto yangu? Na mama yako banamuitaka nani?"

Jamaa akafoka, hilo linamhusu nini.

"Inanihusu. Kama unaua huyu, mi njo nitamulilia. Na weye siku yako itafika, bataniita nikulilie. Sijue kulilia mutu kama sijue jina ya mama yake."

Mama Ntumba hakumsubiri ajibu. Akaanza kasala.

Hakuanza na jina la tata mukubwa. Alianza na langu.

Akaliita jina langu, la baba yangu, la mama yangu, la ukoo wetu, vijiji vya Kasai ambavyo sijawahi kuviona. Kama mtu aliyekwisha kufa. Wakuu, kusikia unaliliwa ukiwa umekaa kwenye usukani unapumua, hakuna maneno ya kueleza. Machozi yalinitoka bila kuomba ruhusa. Kule nyuma akina mama wakaanza kuitikia, mmoja mmoja, wanashuka kwenye magari, wanakuja kukaa chini barabarani na vitenge vyao, mpaka wakaizunguka pikapu.

Kila alipomaliza mstari wa ukoo wangu, alimgeukia yule bwana, akasubiri jina. Halipati. Anaendelea.

Mara ya tatu hivi, yule bwana akasema kwa sauti ya chini, "Mama, wacha. Wacha hiyo."

"Basi sema jina ya mama yako."

Akatazama chini. Bastola ikashuka. Kuna kitu kilimpata usoni ambacho hata mimi, pamoja na chuki yangu yote, nilikitambua. Huyu mtu alikuwa na mama, na hakutaka jina lake litajwe pale.

Hapo akatokea Mbongo mmoja, dereva wa lori, kijana wa Mbeya. Alikuwa anapika pembeni ya trela lake, na mwiko wa ugali bado uko mkononi. Akamwambia kwa upole kabisa:

"Kaka, rudi tu. Nyuma kwako kweupe, nakuelekeza."

Na ndivyo ilivyokuwa. Bwana mkubwa akaingia kwenye jipu, akarudi riversi foleni nzima ya malori, anaelekezwa kwa mwiko. Kata kulia. Nyoosha. Njoo, njoo. Hakuna aliyemzomea. Nilitamani wamzomee, nasema ukweli, ila akina mama walikuwa wanaendelea kulia, na safari hii walikuwa wanamlilia mwenyewe, tata mukubwa.

Mama Ntumba akapanda, akanirudishia ufunguo.

"Twende," akasema. "Anatungoja."

Nikawasha. Tulipompita, kioo chake kilikuwa kimepanda juu na uso ameugeuzia mtaroni. Sikupiga honi. Tukafika, tukazika, jua bado liko juu.

Sasa najua comments zitakazokuja. Wapo watakaosema nilikuwa mjinga, ningempisha yaishe, mila haizuii risasi. Mke wangu aliniambia hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi yenu, na siku mbili hakunisemesha.

Nawajibu hivi. Siku za kawaida, mtu akikutolea chuma kwa sababu ya barabara, mpishe. Mpishe haraka, funga kioo, nenda nyumbani ukale na watoto. Barabara haina thamani ya kichwa chako. Hata mimi tangu siku ile napisha kuliko zamani, mpaka wapangaji wenzangu wananiuliza nimeokoka lini.

Lakini sikubali kwamba mwenye bastola ndiye mwenye barabara. Hilo sikubali, na wala sitamfundisha mwanangu hivyo. Tukizoea kurudi nyuma kila anapochomoa, kesho atachomoa kwa ajili ya parking, keshokutwa kwa ajili ya foleni ya mkate. Siku ile nilikuwa nimebeba kitu kisichorudi nyuma, na wenzangu walikuja kukaa nacho chini barabarani. Bila wao ningekuwa marehemu wa pili, hilo nalijua vizuri.

Wewe ungefanyaje? Na kama umewahi kutolewa bastola barabarani, uwe Dar, Nairobi, Lubumbashi au popote, weka hapa chini ilivyokuwa. Na kama yule kijana wa Mbeya mwenye mwiko anapita humu, ajitokeze. Mama Ntumba anamuulizia. Anataka jina la mama yake huyo kijana, ila safari hii kwa jambo la heri.

Wa chai mnakaribishwa pia, lakini hamtanisumbua. Mzee wangu alipisha watu maisha yake yote. Siku ile alipishwa yeye.