Alhamisi kwa Doto

Tangu mkewe Levina afariki, Koplo mstaafu Gerson aliishi peke yake mtaa wa Isevya, mjini Tabora. Watoto walikuwa Mwanza, na simu zao zilikuwa za kusalimia tu. Alipochoka kuisikiliza redio, akaenda kujitolea kwenye kituo cha askari wastaafu, vyumba viwili karibu na stesheni. Wenzake walipima presha na kuwasindikiza wajane maofisini. Yeye aliomba kuwatembelea wale wasioweza tena kutoka nyumbani, awanyoe ndevu na kuwakata kucha.

Mmoja wao alikuwa Doto wa mtaa wa Ng'ambo. Walipigana pamoja Vita vya Kagera, wao wawili na mwenzao mcheshi, Sabiri, aliyeuawa Uganda wakamzika kwa mikono yao. Sasa uzee ulikuwa umeivuruga akili ya Doto.

Siku ya kwanza, Gerson akiwa bado anaegesha baiskeli, uso wa Doto ukachanua.

"Sabiri! Umekuja, ndugu yangu."

Batuli, mke wa Doto, akaona haya, akamwomba Gerson asichukie. Gerson alitaka kumsahihisha mgonjwa. Lakini Doto alikuwa amemshika mkono kwa nguvu zote, na tangu msiba wa Levina hakuna aliyefurahi kumwona namna ile.

"Nimekuja," akasema, akaomba maji ya moto.

Basi kila Alhamisi akawa Sabiri. Alinyoa taratibu huku Doto akisimulia mambo ya vitani, naye akicheka pale ambapo Sabiri angecheka. Batuli aliwaletea chai ya tangawizi na karanga. Gerson alirudi akiwa amechangamka, mpaka afungue mlango wake na kukuta sufuria ya asubuhi kama ilivyoachwa.

Masika yalipoanza, siku moja Doto alimshika kifundo cha mkono, wembe ukiwa bado shavuni.

"Sabiri, Gerson yuko wapi?"

"Yupo."

"Mbona haji kuniona? Yuko hapa hapa Tabora. Nilimkosea nini?"

Gerson aliuweka wembe ndani ya bakuli.

"Ni mimi, Doto. Mimi ndiye Gerson."

Doto alimtazama kwa muda, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni asiyemjua, kisha akaondoa mkono wake. Akamgeukia Batuli, akamuuliza kwa sauti ya chini mzee huyu ni nani, na Sabiri ameondoka saa ngapi bila kuaga. Gerson akamaliza kunyoa shavu lililobaki, akakunja taulo, akaondoka huku mvua ikinyesha.

Njiani aliapa kwamba atakiomba kituo kimtafutie Doto mtu mwingine. Alhamisi ilipofika, miguu ikamrudisha Ng'ambo. Alipopiga hodi na kuulizwa ni nani, akajibu ni Sabiri. Ndani akasikia kicheko cha furaha.

Doto alifariki kabla mvua hazijakatika. Makaburini Gerson alisimama nyuma ya waumini, akangoja zamu yake ya kutia udongo. Waliporudi nyumbani, Batuli akamwita pembeni.

"Shemeji, alikuulizia mpaka dakika ya mwisho."

Gerson alitaka kujua alimuulizia kwa jina gani, lakini wanawake walikuwa wakiingia kumpa mjane pole. Akampisha, akachukua baiskeli. Alipita sokoni kununua dagaa, fungu dogo la mtu mmoja, akaenda kupika.