Sufuria ya Kuchomea

Mimi situpi kitu. Akiba haiozi, ndivyo nilivyolelewa Kishapu, na stoo ya nyumba yangu hapa Ngokolo ilikuwa ushahidi tosha: madumu matupu, magunia ya pamba, mifuniko isiyo na sufuria na sufuria zisizo na mifuniko. Kichwa changu nacho kilikuwa vivyo hivyo. Naanza jambo, naliacha, nakumbuka jingine, nagombeza watu bila sababu. Nilidhani ni umri.

Siku hiyo mdogo wangu alinipigia simu kutoka Geita, anakochimba dhahabu. Akaniamkia, akamuulizia binti yangu, aliyekuwa amekuja kwangu kungoja kujifungua mtoto wake wa kwanza. Kisha akasema, hivi hivi tu, "Dada, ile sufuria yangu ndogo niliyoacha stoo, msiipikie. Ni ya kuchomea."

Wachimbaji hunasa dhahabu kwa zebaki, halafu huichoma hiyo zebaki itoke kwa moshi, ibaki dhahabu. Kliniki walishatuambia kwamba ni sumu, moshi wake na chombo chake, na mtoto wa tumboni huumia kuliko wote. Na binti yangu alikuwa akijichukulia sufuria humo stoo, anapika uji wake kila asubuhi.

"Ikoje?" nikauliza.

"Ndogo. Nyeusi chini."

Mjinga huyu! Nani ana sufuria nyeupe chini?

Nikaanza kutoa vitu nje. Binti yangu akaja, tumbo mbele. "Mama, nikusaidie?"

"Usiguse!" Nilivyofoka, alirudi ndani analia. Sikumwambia kwa nini. Ningeanzia wapi?

Kila sufuria niliipiga picha nikamtumia mdogo wangu. Siyo. Siyo. Siyo hiyo, dada. Uwanja ukajaa kama gulio, jirani akachungulia kuuliza kama nahama. Nikamjibu nahamia kaburini, akatoweka. Nilikuwa namwomba Mungu kwa sauti, tena kwa Kisukuma, maana Kiswahili kilikuwa kimenikimbia.

Nyuma kabisa, chini ya magunia ya mwisho, nikaiona. Ilikuwa imefunikwa na kufungwa kwa kamba ya katani, na buibui alishajenga juu ya fundo. Nikatuma picha. "Ndiyo hiyo," akajibu, "na hata kamba ni yangu." Hakuna aliyeigusa. Nilikaa sakafuni nikalia kwa kwikwi.

Stoo ilikuwa tupu. Kichwani nako palikuwa kimya, kimya ambacho sikuwa nimekipata miezi mingi, na katika kimya hicho likabaki swali moja tu. Nilikuwa na hofu kuliko mwanzo. Nikampigia mdogo wangu.

"Huwa unachomea wapi?"

"Chumbani kwangu huku Geita, dada. Nje watu wataona mzigo, waniibie dhahabu."

"Mlango wazi?"

"Nafunga."

"Na dirisha?"

"Nalo."

Nikamwambia aje nyumbani leo leo, stoo ina nafasi, nitamtandikia humo, kesho twende hospitali apimwe.

Akacheka. "Dada bwana! Mimi mbona nimeshazoea."